SOMO LA MAJI: MTO ULIKATIKA, MFEREJI ULIKUWA WAZI



Leo tunawaletea somo juu ya maji ya mto. Wengi wenu mnalima kwa maji ya mfereji. Wengine mnakaa chini ya watu wanaolima kwa mfereji, na mnangoja kinachobaki. Somo hili ni la wote, wa juu na wa chini. Lisomeni polepole. Kama mko kwenye kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mkifika penye hesabu, shikeni kalamu. Mtahitaji pia kopo moja, bakuli, na punje za mahindi.

Siku hizi kila kijiji tunachofika tunasikia neno moja: mvua zimebadilika. Wazee wanatuambia kwamba zamani mtu alijua siku ya kupanda kwa kuangalia miti na upepo. Sasa mvua inanyesha wiki moja kama imekasirika, halafu inanyamaza wiki tatu. Mbegu inaota, inanyauka. Mtu anapanda mara ya pili, na mbegu ni ya kununua.

Wataalamu wa hali ya hewa nao wamepima, na wanasema wazee hawasemi uongo. Dunia imeongezeka joto. Ukilinganisha miaka ya 1850 hadi 1900 na miaka ya 2011 hadi 2020, joto limepanda kama nyuzi 1.1. Mtu atasema, ‘Nyuzi moja tu! Ndiyo nini?’ Hebu fikiria nguo ulizoanika. Siku ya joto zinakauka upesi. Maji yake yamekwenda wapi? Yamepanda hewani kuwa mvuke. Basi hewa ikiongezeka joto nyuzi moja, inaweza kubeba mvuke zaidi, kiasi cha sehemu 7 katika kila 100. Inanyonya zaidi kutoka mtoni, bwawani, kwenye majaruba na kwenye udongo. Na siku inapoyaachia hayo maji, inayaachia kwa kishindo. Ndiyo maana nchi moja inaweza kupata ukame mkali mwaka huu, na mwaka wa pili mafuriko. Mwaka 2022 mito yetu mingi ilipungua sana. Mwezi wa Aprili 2024 wenzetu wa Rufiji walikuwa wanaokolewa kwa mitumbwi.

Mvua hatuwezi kuiamuru. Mfereji tunaweza kuufunga. Sasa tuwaeleze habari za mto mmoja ambao unatufundisha jambo hilo vizuri.

MTO RUAHA MKUU

Mto huu unaanzia kwenye milima ya Uporoto na Kipengere, kusini mwa Tanzania. Huko juu mvua ni nyingi. Mito midogo inashuka: Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na mingine. Yote inaingia katika bonde la Usangu, ambalo ni tambarare, na mvua yake si nyingi kama ya milimani. Ndipo penye mashamba makubwa ya mpunga. Mchele wa Mbeya mnaoununua sokoni, mwingi unatoka huko.

Baada ya mashamba, maji yanaingia katika kinamasi kikubwa kinachoitwa Ihefu. Yakitoka Ihefu yanapita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambako tembo, viboko na nyati wanayategemea. Kisha yanafika bwawa la Mtera, halafu Kidatu. Kidatu ilianza kutoa umeme mwaka 1975. Mtera ilijengwa baadaye ili iwe ghala la maji ya Kidatu, na mwaka 1988 nayo ikaanza kutoa umeme wake. Kutoka hapo mto unaungana na Rufiji, na sasa maji yake yanasaidia pia bwawa la Julius Nyerere, ambalo lilianza kutoa umeme mwaka 2024. Kwa hiyo mtu anayewasha taa mjini na mtu anayefungua mfereji Usangu, wote wanachota kwenye mtungi mmoja, ingawa hawajawahi kuonana.

Zamani mto huu ulipita hifadhini mwaka mzima. Kiangazi ulipungua, lakini haukukatika. Mwaka 1993 ukakatika. Watu wa hifadhi walikuta mchanga mtupu na madimbwi. Viboko walijazana katika dimbwi moja kama abiria ndani ya basi, na samaki wakafa. Tangu mwaka huo, mto umekuwa ukikatika kila kiangazi. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, ndugu Frederick Sumaye, aliahidi kwamba ikifika mwaka 2010 mto utatiririka tena mwaka mzima. Mwaka 2010 ukaja, ukapita. Mto bado ulikatika.

Kwa nini? Hebu tufanye jaribio.

Chukua kopo tupu. Toboa tundu ubavuni, vidole vinne kutoka chini. Weka kopo mahali sawa, ulijaze maji. Maji yatatoka tunduni. Yakishuka mpaka usawa wa tundu, yatakoma. Tazama ndani: maji bado yamo, tena si haba. Lakini hayawezi kutoka. Sasa liache kopo juani siku mbili. Maji yatapungua mengine, na hakuna aliyeyanywa.

Ihefu ni kama kopo hilo. Mahali maji yanapotokea, panaitwa Ng'iriama, pana mwamba uliokaa kama kizingiti cha mlango. Maji ya kinamasi yakiwa juu ya kizingiti, mto unatiririka. Yakishuka chini ya kizingiti, mto umekatika, hata kama ndani ya kinamasi bado kuna maji ya kuogelea viboko. Kwa hiyo ili mto utiririke kiangazi, lazima kitu kidogo kiendelee kuingia Ihefu kila siku, kushinda kile kinachonyonywa na jua. Si lazima yawe mafuriko. Ni yale maji machache ya kiangazi. Na hayo machache ndiyo yaliyokuwa yanachukuliwa na mifereji kabla hayajafika.

Jua likizidi kuwa kali, kopo linakauka upesi zaidi. Hapo ndipo joto la dunia linapoingia katika habari hii. Lakini tusikimbilie kusingizia mvua kwa kila jambo. Waliopima mvua za milimani hawakuona kwamba zilipungua kiasi cha kuukata mto ule mwaka 1993. Mto ulikatwa na mikono. Mabadiliko ya tabianchi yamekuja kukuta kidonda kiko wazi.

ALIYELAUMIWA NI NG'OMBE

Kwa miaka mingi lawama ilikwenda kwa wafugaji. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Ihefu pamoja na mifugo yao, familia nyingi zikahamia mikoa mingine kwa taabu kubwa. Mwaka 2008 eneo hilo likaingizwa katika Hifadhi ya Ruaha. Hatusemi ng'ombe hana kosa. Ng'ombe wengi wakikanyaga kinamasi wanakiharibu, kila mtu anajua. Lakini ng'ombe waliondoka, na kiangazi kilichofuata mto haukurudi kuwa wa zamani. Ng'ombe anakunywa, anaondoka. Mfereji unakunywa usiku na mchana, Jumapili na Jumatatu, hata mwenye shamba akiwa amelala.

Tuangalie basi mfereji wenyewe. Banio la zamani lilijengwa kwa mawe, miti, majani na udongo. Lilivuja. Maji yaliyovuja ndiyo yaliyokuwa riziki ya watu wa chini. Mvua kubwa ikija, banio lilibomoka, watu wakakusanyika kulijenga upya. Wataalamu wakaliona ni kazi ya bure. Likajengwa banio la saruji lenye geti la chuma. Halivuji, halibomoki. Tulishangilia. Wakati wa masika halina ubaya, maji yapo ya kutosha. Lakini kiangazi, mto ukiwa mwembamba, banio zuri la saruji linaweza kuuchukua mto mzima, lisiache hata tone. La zamani lisingeweza hata likitaka.

Tena kulikuwa na jambo moja ambalo mtu wa ofisini hakulijua. Mpunga ukishavunwa, shamba halihitaji maji. Basi mbona mfereji haukufungwa? Kwa sababu akina mama walichota humo maji ya kunywa na kupikia. Watoto waliogea humo. Mafundi walifyatua tofali humo. Kuku na mbuzi walikunywa humo. Kwa ndoo chache za nyumbani, mfereji mzima uliachwa wazi kilomita nyingi, na maji mengi yakaishia kwenye majaruba matupu, yakanyonywa na jua. Ukimwambia mama afunge mfereji bila kumpa kisima, unamwambia akae na kiu. Huo ndio ukweli, na ndiyo maana tunasema kisima cha kijiji ni sehemu ya kuuokoa mto. Pampu ya mkono ikifanya kazi, geti linaweza kufungwa na hakuna atakayelia.

MCHEZO WA PUNJE

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Uingereza walikwenda Usangu na ubao mkubwa. Ubao umeinama, umechongwa mto katikati, na pembeni kuna matundu ya mashamba. Maji ni gololi. Zinamwagwa juu, zinateremka. Mchezaji anaweka kijiti mtoni kuziingiza shambani kwake. Wakulima watu wazima walicheza gololi kama watoto, wakacheka, halafu wakanyamaza. Maana aliyekaa juu alijaza matundu yake yote, na aliyekaa chini hakupata hata gololi moja. Halafu wakabadilishana viti.

Sisi hatuna ubao ule, lakini tumeujaribu kwa punje za mahindi, na unawezekana darasa lolote. Watu sita waketi kwa mstari. Wa kwanza ni wa juu, wa sita ni wa chini. Kila mmoja anahitaji punje 10 ili shamba lake livune. Kila mmoja apewe karatasi iliyoandikwa: ‘Ruhusa kuchukua punje 10.’ Hicho ndicho kibali chake cha maji.

Mara ya kwanza, wekeni punje 80 katika bakuli, mlipitishe kutoka juu hadi chini. Kila mtu achukue 10. Sita mara 10 ni 60. Zinabaki 20, hizo zinaendelea na mto. Watu wote wameshiba, na viboko wameshiba.

Mara ya pili ni mwaka mbaya. Wekeni punje 24 tu. Wa kwanza anachukua 10, zinabaki 14. Wa pili anachukua 10, zinabaki 4. Wa tatu anachukua 4. Wa nne, wa tano na wa sita wanapokea bakuli tupu. Mtoni hakuna kitu.

Sasa ulizaneni: mwizi ni nani? Hakuna mwizi. Kila mmoja amefuata karatasi yake, kama ilivyoandikwa. Na bado watu watatu wamekosa kabisa, mmoja kapata nusu njaa, na mto umekatika. Kosa liko kwenye karatasi. Karatasi iliandikwa kwa mto wa punje 80, kana kwamba mto hautabadilika. Zamani pengine mwaka wa punje 24 ulikuja mara chache, watu wakavumilia. Sasa hatujui mwaka ujao utaleta 80, au 24, au 150 kwa usiku mmoja.

Mara ya tatu, chaneni karatasi. Andikeni nyingine: ‘Mto uchukue robo. Inayobaki tugawane sawa.’ Hesabuni kwa punje 80: robo ni 20, zinabaki 60, kila mtu 10. Ni vilevile kama mwanzo, hakuna aliyepoteza. Hesabuni kwa punje 24: robo ni 6, zinabaki 18, kila mtu 3.

Hapo mtasikia kelele. Tulipocheza sisi, mzee mmoja aliweka punje zake 3 mezani akasema, ‘Haya, haki imetendeka. Sasa wote tutakufa njaa kwa haki.’ Watu walicheka, lakini alikuwa na hoja. Shamba la punje 10 haliwezi kuvuna kwa punje 3. Ni lazima mwaka huo kila mtu apande sehemu tatu tu katika kumi za shamba lake, au watu wapokezane, au sehemu nyingine ya shamba waweke zao lisilohitaji maji ya kutuama. Na uamuzi huo lazima ufanyike kabla ya kusia kitalu, siyo mpunga ukiwa tayari umefika magotini. Ndiyo sababu tunasema mkutano wa maji uitwe mapema. Mkutano unaoitwa baada ya maji kwisha ni mkutano wa ugomvi.

Kugawa kwa mafungu si jambo geni kwetu. Wapare wa Same walichimba ndiva milimani tangu zamani. Ndiva ni bwawa dogo la kukusanya maji ya usiku, yasipotee watu wakiwa wamelala. Asubuhi linafunguliwa, na watu wanamwagilia kwa zamu. Hawakungoja mtu wa kuwaandikia kibali.

Sheria nayo inasaidia. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka kwanza maji ya matumizi ya lazima ya binadamu, halafu maji ya kuuacha mto na viumbe wake waishi, ndipo mengine. Inaruhusu pia wananchi waunde Jumuiya ya Watumia Maji, watu wa juu na wa chini katika jumuiya moja. Ofisi ya bonde ndiyo inayotoa vibali. Na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza kufanya shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Nendeni mkazihesabu kwenye mto wenu. Baadhi yetu tutaona haya.

MTU NA DADA YAKE

Tuseme kuna mtu na dada yake. Yeye analima juu karibu na banio. Dada yake aliolewa kijiji cha chini.

‘Shikamoo, kaka.’

‘Marahaba, mdogo wangu. Mbona asubuhi yote hii?’

‘Nimefuata maji. Mpunga wangu umepasuka nyufa. Mfereji wako nimeukuta umejaa, na wewe ulishavuna.’

‘Ah! Yale ni ya tofali tu, dada. Mwanao anajenga.’

‘Tofali ngapi?’

‘Elfu mbili.’

‘Zinataka mapipa mangapi?’

Kaka akanyamaza. Hakuwahi kuhesabu. Alikuwa amefungua geti wiki nzima kwa ajili ya mapipa machache ambayo angeweza kuyachota kwa mkokoteni siku moja.

‘Lakini hata nikifunga mimi,’ akasema, ‘jirani yangu atayachukua. Hayatakufikia.’

Mnaona? Kaka si mbaya. Na neno lake la mwisho ni la kweli. Mtu mmoja akifunga peke yake, maji yanaishia kwa jirani. Lazima wafunge wote kwa tarehe moja, na kuwe na mtu wa kwenda kuangalia mageti, tena asiwe wa juu peke yake. Awepo na wa chini.

SHAMBANI KWENYEWE

Wako wanaosema mpunga lazima uzame. Siyo lazima. Kuna njia inaitwa kilimo shadidi. Miche inang'olewa kitaluni ikiwa bado michanga, ya siku 8 hadi 12, yenye majani mawili. Inapandwa mmoja mmoja kila shimo, sentimita 25 kwa 25. Jaruba linaloweshwa, linaachwa likauke mpaka nyufa ndogo zianze, ndipo linaloweshwa tena. Mizizi inapata hewa, shina linachipua kwa wingi. Tuseme ukweli: palizi yake ni ya kazi, kwa sababu pasipo maji ya kutuama magugu yanafurahi. Na jaruba lazima lisawazishwe vizuri, la sivyo upande mmoja utakuwa bwawa na mwingine jangwa. Anzeni na jaruba moja.

Lingine ni kusia kitalu kwa pamoja. Kila mtu akisia wiki yake, mfereji unabaki wazi miezi kwa ajili ya vitalu vidogo vilivyotawanyika. Vikiwa mahali pamoja karibu na banio, maji kidogo yanatosha.

KUPIMA MTO WENU

Hamwezi kugawa msichokijua. Tafuteni sehemu ya mto iliyonyooka. Pimeni mita 10 kando ya maji, wekeni vijiti viwili. Tupeni gunzi la mahindi juu ya kijiti cha kwanza, na mwenye saa ahesabu sekunde mpaka lifike cha pili. Tuseme ni sekunde 20. Kumi gawanya kwa 20 ni nusu mita kwa sekunde. Pimeni upana: tuseme mita 2. Pimeni kina mahali patatu mtafute wastani: tuseme nusu mita. Mbili mara nusu mara nusu ni nusu, yaani lita 500 kwa sekunde. Lakini maji ya juu yanakwenda mbio kuliko ya chini, kwa hiyo chukueni sehemu 8 katika 10: lita 400. Andikeni tarehe na jibu katika daftari la kijiji. Fanyeni hivyo kila mwisho wa mwezi, mahali palepale.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika mto wenu, wa kwanza kuchukua maji ni nani na wa mwisho ni nani? Je, wamewahi kukaa mkutano mmoja?

2. Mfereji wenu ulifungwa lini mara ya mwisho? Kama haukufungwa, ni nani angekosa maji ya kunywa, na kisima chake kiwe wapi?

3. Chezeni mchezo wa punje kwa punje 24. Atakayekaa kiti cha sita awe yule mwenye shamba la juu kabisa kijijini. Mwandikieni mhariri mlichoamua kuhusu punje 3.